Barua ya Kumwachisha Mwalimu

Katika kazi yangu ya uandishi nimeandika habari nyingi ambazo leo sizikumbuki hata vichwa vyake, lakini ipo barua moja, isiyozidi nusu ukurasa, ambayo ningali naikumbuka neno kwa neno. Niliiandika usiku mmoja wa mwaka 2018, juu ya meza ya chakula, mke wangu akiwa amekwisha kuondoa vyombo. Ilisema kwamba Kamati ya timu ya kandanda ya mtaa wetu inatambua na kuthamini mchango wa mwalimu wa timu kwa miaka mingi. Hata hivyo, baada ya kutafakari kwa kina mwenendo wa timu, Kamati imeonelea kuwa wakati umefika wa kumpumzisha. Sikuwa mwenyekiti wala mfadhili. Nilikuwa katibu tu, na ukatibu wenyewe nilipewa kwa sababu watu wa mtaani huamini kwamba mwenye stashahada ya uandishi wa habari hakosi maneno.

Mwalimu huyo simtaji jina, maana hakuniomba nimtie gazetini. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma huko Tandika, nami nilimjua nikiwa na umri wa miaka tisa. Kila siku ilipotimia saa kumi alasiri alifunga karakana yake akaja uwanjani, masizi yakiwa bado usoni, filimbi shingoni, na daftari kubwa lenye jalada jeusi kwapani. Milingoti ya magoli aliiunda mwenyewe kwa mabomba chakavu ya maji. Katika daftari lile aliandika jina la kila mtoto, siku aliyozaliwa, namba ya viatu vyake na alama alizopata shuleni. Alipopita katika soko la mitumba la Karume na kukuta jozi ya njumu za bei nafuu, hakuhitaji kumwita mtoto ajaribu, alifungua daftari. Na mwisho wa kila muhula alitaka kuona madaftari yetu ya shule, ya hesabu na ya insha pia, akayasoma akiwa amekaa juu ya tofali nyuma ya goli. Aliyeshika mkia darasani alikaa benchi, hata kama alikuwa hodari wa kuliona lango. Sisi tuliona ni uonevu. Mama zetu waliona ni neema.

Mwaka ule wa 2018 timu yetu ya wakubwa ilipoteza michezo minne mfululizo katika ligi ya wilaya. Akajitokeza mfadhili, mfanyabiashara aliyeahidi jezi, mipira na nauli, kwa sharti moja tu kwamba aletwe mwalimu wa kisasa. Wajumbe tulikuwa saba. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa mitano, na mmojawapo ulikuwa wangu. Nilijiambia kwamba natanguliza maslahi ya timu mbele ya mapenzi ya mtu binafsi, na maneno hayo yalinipendeza kiasi cha kuyatia katika barua.

Siku ya makabidhiano mwalimu alihesabu mipira kumi na mmoja mbele yetu, akaweka mezani ufunguo wa stoo, akaisoma barua polepole hadi mwisho, akaikunja mara nne. Kisha akauliza, "Kiswahili kizuri hiki. Nani kakiandika?" Hakuna aliyejibu. Akatupa mkono wa kwaheri mmoja baada ya mwingine, nami nikiwamo.

Nakumbuka kisa hiki kila niwapo zamu ya usiku katika chumba cha habari, kwani haupiti muda mrefu bila habari ya klabu fulani, ya ulaya au ya hapa kwetu, kumwachisha mwalimu wake. Habari zenyewe zafanana kama sarafu: klabu inatambua na kuthamini mchango wake, hata hivyo. Nimezihariri nyingi. Na kila mara najiuliza kama lugha yetu haikuliona jambo hili kabla yetu. Waingereza humwita mkuu wa timu meneja, kama yule anayesimamia benki au kiwanda cha sabuni. Sisi, ingawa siku hizi neno kocha limeenea, bado twasema mwalimu. Meneja aweza kuulizwa hesabu za mwezi. Mwalimu aliyeingia darasa la kwanza mwezi Januari, nani atamfukuza mwezi Machi kwa kuwa watoto hawajajua kusoma?

Katika zamu hizo ndipo nilipokutana na habari za Guy Roux, na naomba nimweleze kwa kirefu, maana hapa kwetu wengi wanawajua walimu wa Uingereza na wachache wamemsikia Mfaransa huyu.

Guy Roux alizaliwa mwaka 1938. Mwaka 1961, akiwa kijana wa miaka 22, alikabidhiwa timu ya Auxerre, mji mdogo wa wakazi wasiofika 40,000 ulioko kusini-mashariki ya Paris, katika eneo la mashamba ya zabibu. Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1905 na padri mmoja, Ernest Deschamps, na uwanja wake mpaka leo unaitwa kwa jina la padri huyo. Roux alipoipokea ilikuwa timu ya ridhaa, ikicheza na timu za mkoani mwake. Ilimchukua miaka tisa kuifikisha daraja la tatu, mwaka 1970. Ikamchukua mingine minne kuifikisha daraja la pili, mwaka 1974. Mwaka 1979, ikiwa ingali katika daraja hilo la pili, ilifika fainali ya Kombe la Ufaransa, ikafungwa na Nantes mabao 4 kwa 1 baada ya muda wa nyongeza. Mwaka 1980 ikapanda daraja la kwanza. Tangu siku aliyokabidhiwa timu mpaka siku hiyo ilikuwa imepita miaka 19. Mtoto aliyezaliwa Auxerre mwaka alioanza kazi alikuwa sasa ana umri wa kuichezea timu hiyo katika daraja la kwanza.

Na hilo la watoto ndilo lililokuwa msingi wa kazi yake. Mji mdogo hauna fedha za kushindana na Marseille au Paris katika kununua wachezaji, kwa hiyo Auxerre ilijenga kituo cha kulelea vijana mwanzoni mwa miaka ya 1980, ikakusanya watoto wa miaka kumi na minne na kumi na mitano, ikawalisha, ikawasomesha na kuwafundisha mpira. Humo walipita Eric Cantona, Basile Boli, Philippe Mexès, Djibril Cissé na Bacary Sagna. Wengine waliuzwa kwa fedha nyingi, na fedha hizo zikarudi kulea wengine. Roux mwenyewe alikuwa bahili maarufu, tena mkali. Inasimuliwa kwamba alizoea kusoma kilomita katika magari ya wachezaji wake ili ajue nani alikwenda Paris usiku kucheza dansi. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu chumbani, maana mwalimu wetu wa Tandika alikuwa akigusa matairi ya baiskeli zetu ili ajue nani amefika uwanjani moja kwa moja kutoka shule na nani amepitia ufukweni. Mchanga wa baharini haukumpita.

Ubingwa wa Ufaransa Roux aliupata mara moja tu, mwaka 1996, na mwaka huo huo akatwaa na Kombe. Ilikuwa miaka 35 tangu aanze. Alitwaa Kombe la Ufaransa mara nne kwa jumla, mwaka 1994, 1996, 2003 na 2005, na baada ya hilo la nne akastaafu. Ukitoa muda mfupi wa utumishi jeshini pale mwanzoni, na mwaka mmoja wa mapumziko kati ya 2000 na 2001, alikuwa ameishika timu moja kwa zaidi ya miaka 40.

Watu husema, "Mwalimu hodari huyo." Ni kweli. Lakini mimi humtazama na mtu wa pili, ambaye picha zake hazikuonekana sana. Mwenyekiti wa klabu ya Auxerre, Jean-Claude Hamel, alishika kiti hicho tangu mwaka 1963 hadi 2009. Mwalimu hakai miaka 40 kwa nguvu zake mwenyewe. Hukaa kwa sababu yupo mtu mwingine, mwenye uwezo wa kumwondoa, ambaye kila mwaka anakataa kumwondoa. Kazi hiyo ya kukataa haina makofi. Najua, kwa kuwa niliwahi kupewa nafasi ya kuifanya nikashindwa.

Sasa yule Cantona aliyelelewa Auxerre tangu umri wa miaka 15 ndiye anayetupeleka kwa mwalimu wa pili. Aliuzwa Marseille mwaka 1988, na huko alikopita baadaye alikosana na wengi, hata mwishoni mwa mwaka 1991, akiwa na miaka 25 tu, alitangaza kuacha kandanda. Akavuka kwenda Uingereza, na Novemba 1992 akanunuliwa na Manchester United, timu iliyokuwa mikononi mwa Alex Ferguson. Msimu huo timu ikatwaa ubingwa wa ligi, wa kwanza tangu mwaka 1967. Januari 1995 Cantona alimrukia shabiki mmoja kwa teke, akafungiwa kucheza kwa miezi minane. Walikuwapo waliosema auzwe. Ferguson hakumtupa, akamngoja mpaka kifungo kikaisha. Mwaka 1996 Manchester United ikatwaa ubingwa na Kombe, na bao pekee la fainali ya Kombe likafungwa na Cantona. Angalia, ndugu msomaji: mwaka huo huo mmoja, mwalimu aliyemlea kijana huyu na mwalimu aliyemvumilia ukubwani walitwaa kila mmoja mataji mawili, mmoja Ufaransa na mwingine Uingereza.

Lakini Ferguson huyo angeweza kabisa asifike huko. Alianza kazi Novemba 1986, akaikuta timu karibu na mkia wa ligi. Msimu wake wa kwanza ilimaliza ya 11, wa pili ya pili, wa tatu ikarudi ya 11, wa nne ya 13. Kwa karibu miaka minne hakuleta kombe hata moja. Septemba 1989 timu yake ilifungwa na majirani zao, Manchester City, mabao 5 kwa 1. Mashabiki walikuja uwanjani na mabango ya kumtaka aondoke. Januari 1990, katika mchezo wa Kombe dhidi ya Nottingham Forest, wengi walidhani akifungwa ndiyo mwisho wake. Kijana Mark Robins, aliyekulia katika timu ya vijana, akafunga bao pekee, na mwezi Mei Kombe likapatikana. Ferguson akakaa mpaka mwaka 2013. Aliondoka na ubingwa wa ligi mara 13, na Kombe la mabingwa wa Ulaya mara mbili, mwaka 1999 na 2008.

Mabao 5 kwa 1 dhidi ya jirani! Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kukumbushwa kwamba tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga kwa mabao hayo hayo 5 kwa 1, na katika siku chache mwalimu wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira tuliyezoea kumwita Robertinho, akawa ameondoka. Sisemi kwamba Robertinho alikuwa Ferguson. Hakuna ajuaye, na hakuna atakayejua.

Nilimweleza haya mwenzangu mmoja wa meza ya michezo, mpenzi wa Simba wa kutupwa, akaniangalia kama mtu aliyechelewa basi. "Unasahau," alisema, "kwamba Simba ilitwaa ubingwa mwaka 2019, 2020 na 2021, na kila mara aliyekuwa benchi siku ya kukabidhiwa kombe alikuwa mwalimu mwingine. Patrick Aussems, Sven Vandenbroeck, Didier Gomes. Miaka mitatu, walimu watatu, vikombe vitatu. Sasa nadharia yako iko wapi?"

Nakiri kwamba alinibana. Nilikaa na swali lake siku kadhaa, na sikuliona jibu mpaka nilipoacha kubishania vikombe. Ni kweli kabisa kwamba ubingwa hauhitaji mwalimu wa kudumu. Klabu yenye fedha hununua wachezaji waliokwisha kupikwa, ikamtafuta mtu wa kuwapakua. Mpakuaji akibadilishwa, chakula hakiharibiki kwa siku moja. Lakini lazima awepo mahali fulani aliyewasha moto, akakaa jikoni. Mlinzi wa miaka 24 anayenunuliwa leo alikuwa mtoto wa miaka 11 mahali fulani, na mahali hapo palikuwa na mtu aliyejua kwamba mguu wake wa kushoto ni dhaifu na akaushughulikia kwa miaka. Mwalimu wa miezi kumi hana haja na mtoto wa miaka 11. Huo si ubaya wa moyo, ni hesabu tu, kwa kuwa mtoto huyo atakapokomaa, mwalimu atakuwa ameachishwa mara sita. Kwa nini ampe mwenzake matunda? Atataka mchezaji wa leo, tena yule amjuaye yeye. Na anayemfuata atamkuta mchezaji huyo hamfai, ataomba mwingine. Hapo ndipo fedha za klabu zinapokwenda, pamoja na fidia za mikataba iliyovunjwa.

Ferguson alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mtoto Ryan Giggs siku alipotimiza miaka 14, mwaka 1987, ili aisajili saini yake. Wakati huo yeye mwenyewe alikuwa na mwaka mmoja tu kazini, bila kikombe. Mwaka 1995 aliwauza wachezaji wake wakubwa watatu, Paul Ince, Mark Hughes na Andrei Kanchelskis, akawaingiza vijana wa klabu: David Beckham, Paul Scholes, Nicky Butt, ndugu wawili Gary na Phil Neville. Mchezo wa kwanza wa ligi wakafungwa na Aston Villa mabao 3 kwa 1, wakachekwa nchi nzima. Mwisho wa msimu huo ndio ule wa mataji mawili niliousema. Mwalimu anayehesabu siku zake asingethubutu.

Lipo na jambo la amri, ambalo kila mzazi analielewa. Binti yangu yuko darasa la tano, na mwaka jana darasa lao lilipata walimu watatu wa hesabu kwa mwaka mmoja. Nilipomuuliza mbona haandiki kazi ya nyumbani, alinijibu bila hofu, "Baba, huyu naye ataondoka." Wachezaji wakubwa nao wana akili hiyo hiyo. Asiyependa kukimbia, asiyetaka kukaa benchi, anachohitaji kufanya ni kusubiri tu. Uongozi utamwondoa mwalimu kabla ya kumwondoa yeye. Manchester haikuwa hivyo. Jaap Stam aliuzwa mwaka 2001, Beckham mwaka 2003, Roy Keane, nahodha, akaondoka mwaka 2005. Kila mchezaji alijua kwamba kati yake na mwalimu, atakayebaki ni nani.

Sitaki msomaji afikiri kwamba naabudu miaka. Arsène Wenger alikaa Arsenal tangu mwaka 1996 hadi 2018, na mwaka 2004 alitwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja kati ya 38; lakini huo ulikuwa ubingwa wake wa mwisho wa ligi, na katika miaka ya mwisho mashabiki wale wale waliomshangilia walibeba mabango ya kumtaka aende. Yawezekana alipitiliza. Hata Roux, alipojaribu kurudi kazini mwaka 2007 katika klabu nyingine, Lens, aliacha baada ya michezo minne tu ya ligi. Ujuzi wake ulikuwa ni ujuzi wa watu wa Auxerre, uwanja wa Auxerre na watoto wa Auxerre; haukuingia katika sanduku la safari. Nako Auxerre, waliobaki waliishi kwa akiba yake kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2012 timu ikashuka daraja, baada ya miaka 32 mfululizo katika daraja la kwanza. Manchester United walimpa mrithi wa Ferguson, David Moyes, mkataba wa miaka sita. Alidumu miezi kumi.

Kwa hiyo siku ya kuondoka ipo kwa kila mwalimu. Ninachouliza ni nani anayeichagua, na kwa kutazama nini. Sisi wajumbe saba tulitazama michezo minne.

Na haki ya mfadhili wetu lazima niiseme: mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Mwalimu wa kisasa alikuja na wachezaji tisa wa kutoka nje ya mtaa, timu ikashika nafasi ya kwanza katika wilaya, tukapiga picha na jezi mpya, nami nikaandika taarifa ndefu. Mwaka wa pili biashara za mfadhili zikaenda kombo. Posho zikakoma, wale tisa wakatawanyika kila mmoja na njia yake, mwalimu wa kisasa akapata timu nyingine mkoani. Tulipotazama nyuma kuwatafuta vijana wa kuziba nafasi hatukuona mtu. Kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa ameita watoto saa kumi alasiri. Wakubwa wao walikuwa wanaendesha bodaboda. Wadogo walikuwa wamezoea kukaa mbele ya televisheni wakiangalia mpira wa Uingereza. Timu ilikufa bila hata kikao cha kuizika. Usiku mmoja wezi wakakata milingoti ya magoli, ikauzwa kama chuma chakavu. Vimebaki visiki vinne vya bomba, na mtu asiyejua hujikwaa.

Ningaliyaacha hapo, kama si binti yangu kuingiwa na wazimu wa kandanda. Anapiga mpira ukutani tangu arudipo shule mpaka kiza. Tulimwandikisha kwanza katika kituo kimoja cha kulipia, na kwa muda wa miezi minane akafundishwa na watu watatu, kila mmoja akimpanga mahali pengine. Wa kwanza alisema ni mshambuliaji, wa pili akamweka nyuma, wa tatu hakulijua jina lake. Mwezi uliopita aligoma kwenda. Mke wangu, ambaye hajawahi kuingia uwanja wa mpira, alinitazama akasema, "Si umpeleke kwa yule mwalimu wako?"

Nilisema nitafikiri. Nikafikiri wiki tatu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda. Nilisikia kwamba anafundisha watoto katika kiwanja cha shule moja ya msingi huko Mtoni, na kweli tulimkuta, nywele zimekuwa nyeupe, filimbi ile ile, watoto wapatao thelathini, wavulana kwa wasichana, wakizunguka kiwanja chenye milingoti mipya iliyopakwa rangi nyeupe. Nilipoiona ile milingoti nilijua nani kaichomelea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Ndiye huyu?"

Sikuwa nimemwambia kwamba nina binti. Nilimeza mate, nikaona ni heri nilimalize kwanza lile lililonileta kwa mguu mzito. Nikamwambia kwamba ile barua ya mwaka 2018 niliiandika mimi.

"Najua," alisema, macho yake yakiwa kwa watoto. "Mimi nilisoma insha zako tangu darasa la tano. Kila mstari wa pili, hata hivyo." Akapuliza filimbi, akamwelekeza mvulana mmoja arudi nyuma ya mstari. Kisha akalichomoa daftari kwapani, si lile la jalada jeusi, jingine la bluu, akamlamba kidole na kufungua ukurasa mtupu.

Akaandika jina la binti yangu. Akauliza siku ya kuzaliwa, nikaitaja. Akauliza darasa, nikalitaja. Akauliza namba ya viatu.

Nilifungua kinywa nikakifunga. Mtoto alinitazama, akaona siijui, akajibu mwenyewe.